Namna ya kumpata wakili wa wosia na mirathi hapa Tanga

Muuguzi mstaafu, Tanga (mwenye swali)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi mstaafu na ninaishi Tanga mjini. Mume wangu alifariki miaka mitano iliyopita. Tulifunga ndoa ya kanisani, tukajaliwa watoto watatu, na mume wangu alikuwa na mtoto mwingine wa kiume kabla hatujaoana, ambaye nimemlea tangu akiwa mdogo na simtofautishi hata kidogo na wale niliowazaa. Wote wanne ni watu wazima sasa.

Mali yenyewe si kubwa, lakini imetoka kwenye jasho letu: nyumba ninayoishi Chumbageni, shamba la michungwa Muheza, kiwanja kimoja nilichokinunua kwa jina langu kutokana na mafao ya kustaafu, akiba yangu ya SACCOS na akaunti ya benki. Nataka kuandika wosia nikiwa bado na nguvu na akili zangu timamu, kwa sababu katika miaka yangu ya wodini nimeona ndugu wakianza kugombania funguo za nyumba kabla hata maiti haijatolewa mochwari, na sitaki wanangu wafike huko.

Shida yangu ni kwamba sijui pa kuanzia. Binti yangu wa kwanza yupo Dar es Salaam na anasema nimtumie wakili anayelitumikia shirika analofanyia kazi. Kijana mmoja mwenye steshenari karibu na mahakama aliniambia kwamba ataniandikia wosia siku hiyo hiyo kwa shilingi elfu hamsini na kwamba muhuri wa wakili atautafuta yeye mwenyewe. Naomba mnieleze: wakili anayeifahamu kazi ya wosia na mirathi anatambulikaje, nimuulize nini kabla ya kumlipa, na je, ni lazima awe wa hapa Tanga?

Wakili, Arusha

Shikamoo mama. Nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kusaini chochote, kwa maana wosia mbaya hugundulika wakati ambao mwenyewe hayupo tena kuueleza.

Nianze na yule kijana wa steshenari. Tafadhali mwepuke. Muhuri wa wakili ni ushahidi kwamba wakili mwenyewe amekuona, amekusikiliza na amejiridhisha kuwa unayoyaandika ni matakwa yako. Muhuri "unaotafutwa" na mtu mwingine ama ni wa kughushi, ama ni wa wakili asiyejali kazi yake, na katika hali zote mbili utakayekuwa umempa silaha ni yule atakayetaka kuupinga wosia wako. Hao ndio tunaowaita vishoka, na wapo karibu na kila jengo la mahakama nchini. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka nyaraka za kisheria zionyeshe jina na anwani ya aliyeziandaa, kwa hiyo mtu anayekwepa kuandika jina lake chini ya kazi yake amekwisha kukuonyesha alivyo.

Kumthibitisha wakili ni rahisi siku hizi. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili. Ukiingiza jina lake utaona kama yumo katika orodha ya mawakili na kama leseni yake ni hai, kwa kuwa leseni ya uwakili hutolewa mwaka kwa mwaka. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria, akawa mwanasheria mzuri wa halmashauri au wa kampuni, lakini kama hajaapishwa na Jaji Mkuu na hana leseni ya mwaka huo, si wakili. Chama cha Mawakili wa Tanganyika, yaani TLS, nacho kina matawi mikoani, na viongozi wa tawi wanaweza kukutajia wanachama wanaofanya kazi za mirathi katika eneo lako. Usitarajie kuona mabango ya matangazo barabarani, kwa kuwa maadili ya taaluma yetu yanatubana katika kujitangaza. Ndiyo maana wakili mzuri mara nyingi hupatikana kwa kuulizia.

Lakini e-Wakili itakuonyesha tu kwamba mtu huyo ni wakili. Haitakuonyesha kama anaijua mirathi. Wakili wa kesi za jinai au wa mikataba ya madini anaweza kukuandikia wosia wenye lugha nzuri sana, ukaja kukwama kwa Msajili wa Hati kwa sababu nyumba haikuelezwa ipasavyo. Kwa hiyo swali langu la kwanza, kama ningekuwa mahali pako, lingekuwa hili: ni mashauri mangapi ya mirathi ameyafungua na kuyafikisha mwisho, maana yake mpaka hesabu zikapokelewa mahakamani na shauri likafungwa? Aliyepita njia hiyo yote anajua wosia unavyosomwa na hakimu, na ofisa wa benki, na ofisa wa ardhi, na mrithi aliyekasirika. Huyo huandika akiwafikiria wote wanne.

Jambo la pili ni kuangalia yeye anakuuliza nini. Katika kikao cha kwanza anapaswa kutaka kujua ndoa yako ilikuwa ya namna gani, watoto ni wangapi na wa nani, nani anakutegemea, una madeni gani, kila mali ilipatikanaje na imeandikwa jina la nani. Akichukua kalamu kabla ya maswali hayo, mshukuru na uondoke.

Nami nakuuliza lile lililonigusa zaidi katika maelezo yako: hati ya nyumba ya Chumbageni inasomeka jina la nani, na je, mirathi ya marehemu mume wako ilifunguliwa mahakamani?

Mtumishi mstaafu wa masjala ya mahakama, Morogoro

Mama, pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kulifikiria jambo hili mapema. Wakili hapo juu amesema vizuri. Mimi niongeze yale niliyoyaona kwenye majalada kwa miaka mingi niliyokaa masjala, kwa sababu mtu akijua wosia huharibikia wapi, atajua pia amuulize wakili wake nini.

Kasoro iliyorudi mara nyingi kuliko zote ni mashahidi. Mtu anamwachia mwanawe nyumba, halafu mwanawe huyo huyo ndiye anayesaini kama shahidi. Shahidi asiwe mtu anayenufaika na wosia, na asiwe mume au mke wa anayenufaika. Kwa wosia wa maandishi wanatakiwa mashahidi wasiopungua wawili, wanaojua kusoma na kuandika, na wote wakuone ukisaini kwa mkono wako mwenyewe wakiwa pamoja hapo. Pale inapofuatwa sheria ya kimila, kanuni zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka mmoja wa mashahidi hao awe wa ukoo na mwingine awe wa nje ya ukoo, na ikiwa mwosia hajui kusoma na kuandika, mashahidi wawe wanne. Wakili anayeijua kazi atakuambia bila kuulizwa ni kanuni ipi inayokuhusu.

Kasoro ya pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina moja, kitambulisho cha Taifa kina jina jingine, na wosia unamtaja kwa jina la utani la nyumbani. Familia inaweza kutumia mwaka mzima ikitafuta hati za kiapo za kuthibitisha kwamba majina matatu ni ya mtu mmoja. Nenda kwa wakili ukiwa na nakala za vitambulisho vya watoto wote, na usisitize kwamba majina yaandikwe kama yalivyo kwenye NIDA.

Ya tatu ni maelezo ya mali. "Nyumba yangu ya Tanga" haitoshi. Iandikwe namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na namba ya hati. Shamba la Muheza nalo, kama lipo kwenye ardhi ya kijiji, liandikwe kijiji, kitongoji na majirani wa mipaka yote minne, na kama lina hati ya hakimiliki ya kimila, itajwe namba yake. Wakili asiyekuomba nyaraka hizi anaandika kwa kubahatisha.

Muuguzi mstaafu, Tanga (mwenye swali)

Marahaba mwanangu wa Arusha, na asante sana kaka wa Morogoro. Kuhusu swali la hati: bado inasomeka jina la mume wangu. Baada ya arobaini kilikaa kikao cha ukoo, na wote walikubaliana kwamba nyumba ni yangu na watoto. Muhtasari uliandikwa na kusainiwa na shemeji zangu, na ninao. Mahakamani hatukwenda, kwa kuwa hapakuwa na ugomvi. Shamba la Muheza tulinunua pamoja, lakini kwenye karatasi ya mauziano limeandikwa jina lake. Je, siwezi kulitaja katika wosia wangu?

Wakili, Arusha

Mama, hapa ndipo ilipo kazi yako kubwa, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu wajane wengi wamo katika hali hii bila kujua.

Muhtasari wa kikao cha ukoo ni nyaraka muhimu, lakini hauhamishi umiliki. Kazi yake ni kuisaidia mahakama kujua kwamba familia imempendekeza nani awe msimamizi wa mirathi. Mpaka mahakama imteue msimamizi huyo, na yeye akusanye mali, alipe madeni na kugawa, nyumba ya Chumbageni na shamba la Muheza bado vimo katika mirathi ya marehemu mume wako. Huwezi kumwachia mtu kwa wosia kitu ambacho hakijafika mikononi mwako kisheria. Ukikiandika hivyo hivyo, watoto wako watalazimika siku moja kufungua mirathi mbili kwa pamoja, ya baba na ya mama, na wewe ambaye ndiye shahidi mkuu wa jinsi mali ilivyopatikana utakuwa haupo.

Kwa hiyo unachotafuta ni wakili wa kushika mambo mawili kwa mpangilio: kwanza mirathi ya mzee, kisha wosia wako. Hujachelewa kiasi cha kukata tamaa. Kanuni za mirathi zinataka kwamba ombi likipelekwa baada ya miaka 3 tangu kifo, mwombaji aeleze sababu za kuchelewa. Si kwamba mlango umefungwa. Maelezo yako kwamba hapakuwa na mgogoro na kwamba familia iliendelea kuishi kwa makubaliano ni ya kweli, na wakili ataona namna ya kuyaweka.

Lipo swali la mahakama ipi, na hapa ndipo utakapompima wakili. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Nyinyi mlifunga ndoa ya kanisani na mkaishi mjini, hivyo wakili anapaswa kukuuliza kuhusu mwenendo wa maisha ya marehemu, maana mahakama huangalia hilo katika kuamua ni sheria gani itumike, na kutokana na jibu lako na thamani ya mali akueleze kama shauri ni la Mahakama ya Wilaya au la Mahakama Kuu, ambayo ina kanda hapo hapo Tanga. Ukimwuliza swali hili akakujibu tu kwamba "tutafungua pale penye foleni fupi", usimpe kazi. Mirathi nyingi zimefutwa baada ya miaka kadhaa kwa sababu zilifunguliwa katika mahakama isiyokuwa na mamlaka, na familia ikaanza upya tangu cheti cha kifo.

Usikubali pia kwamba nyumba yote na shamba lote vihesabiwe kuwa vya marehemu eti kwa sababu jina ni lake. Mlivichuma pamoja. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na wewe ulikuwa na mshahara pia. Kesi ile ilihusu talaka, lakini wakili wako anapaswa kuwa na hoja iliyo tayari juu ya fungu lako mwenyewe kabla urithi haujaanza kugawanywa. Tafuta stakabadhi zote za ujenzi, mikopo ya kazini na uthibitisho wa makato ya mshahara ulionao.

Kuhusu kijana uliyemlea: yeye ni mtoto wa marehemu, kwa hiyo jina lake lisiachwe nje ya orodha ya warithi wa baba yake kwa sababu yoyote. Wapo mawakili watakaokushauri umwache ili mambo yawe mepesi. Huo ni ushauri wa hatari na si wa haki. Kwa upande wa mali yako wewe, kama kiwanja chako na akiba yako, njia ya wazi ya kumpatia kitu ni kumtaja katika wosia kwa jina lake kamili.

Kiwanja hicho unaweza kukiandikia wosia hata mwezi huu, bila kusubiri mirathi ya mzee iishe. Wosia hubadilishwa. Utakapopata fungu lako katika nyumba na shamba, utaandika mpya unaofuta wa kwanza, na uhakikishe unasema hivyo waziwazi na una tarehe.

Msimamizi wa mirathi, Korogwe

Shikamoo mama. Mimi si mwanasheria, ila nilikuwa msimamizi wa mirathi ya baba yetu na nimemaliza kazi hiyo, kwa hiyo nitajibu lile swali la wakili wa Tanga au wa Dar es Salaam.

Chukua wa Tanga. Binti yako ana nia njema, na wakili wa shirika lake huenda ni hodari sana, lakini shauri litakuwa Tanga, nyumba ipo Tanga na shamba lipo Muheza. Wakili wa mbali atakutoza nauli na malazi kila shauri linapotajwa, na mara nyingi shauri hutajwa na kuahirishwa siku hiyo hiyo. Wakili wa hapo anazijua ofisi za ardhi za halmashauri, anaweza kufika kijijini Muheza kuonana na mwenyekiti na kuuona mpaka wa shamba kwa macho yake. Tena lipo jambo ambalo ni zito kuliko nauli: wakili analetwa na mtoto mmoja, na anayemlipa ni mtoto huyo huyo, je, watoto wengine watatu watamtazama kwa jicho gani? Hata binti yako akiwa mwaminifu kama dhahabu, ndugu zake wanaweza kuja kudai kwamba mama alishawishiwa. Mchague wewe, mlipe wewe kutoka mfukoni mwako, na siku ya kusaini wosia asiwepo mtoto yeyote chumbani.

Kuhusu malipo, kubalianeni kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Karatasi hiyo ieleze malipo ya wosia peke yake, malipo ya shauri la mirathi peke yake, gharama za mahakama, gharama za tangazo, na nani analipia nini. Lipa kwa hatua, na kila unapolipa dai risiti ya mashine ya EFD. Uliza pia kama bei anayokutajia imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, ili usije ukashtuka mwishoni. Ofisi ya kwanza tuliyokwenda sisi, ambayo siitaji, ilitaka ipewe sehemu ya nyumba badala ya fedha. Tulikataa, na nakushauri ukatae pia, kwa maana wakili akishakuwa na fungu katika mali, ushauri wake kwako si safi tena.

Mwulize vilevile kama atakuwa nawe baada ya uteuzi. Wengi husherehekea siku ya kupata barua za usimamizi wakadhani kazi imekwisha, kumbe hapo ndipo inapoanza. Msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na baadaye hesabu za mgawanyo. Kwa Mahakama Kuu na ya Wilaya orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Kwetu sisi tuliokuwa Mahakama ya Mwanzo orodha ilitakiwa ndani ya miezi 4, kwa Fomu Namba 5, na hesabu kwa Fomu Namba 6. Wakili wetu alitukumbusha tarehe hizi kabla hazijafika. Jirani yetu hakukumbushwa, akaitwa kujieleza, na nduguze wakapata sababu ya kuomba aondolewe.

Msomaji, Dodoma

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini na naomba nitoe wazo tofauti kidogo. Kwa nini mama asiende RITA moja kwa moja? Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini huandika wosia na huuhifadhi, na ndani yake ndimo ilimo ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambayo inaweza hata kusimamia mirathi pale panapohitajika. Ada yao inajulikana na ni taasisi ya Serikali. Aidha, sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili ili wosia wake uwe halali. Mtu mwenye umri wa miaka 18 na zaidi na akili timamu anaweza kuuandika mwenyewe. Na kwa asiye na uwezo kabisa, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hiyo bure.

Wakili, Arusha

Ndugu yangu wa Dodoma, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, wala sisemi hivi kwa kulinda biashara ya mawakili. Kwa mtu mwenye nyumba moja yenye hati kwa jina lake, watoto wa ndoa moja na akaunti ya benki, RITA inatosha kabisa, nami nimewaelekeza wateja huko. Kwa mama huyu hali ni nyingine: ana mirathi ya mume ambayo haijafunguliwa, ana fungu lake katika mali ya ndoa la kutetewa, na ana mtoto wa kambo anayetaka kumlinda. Hapo anahitaji mtu wa kusimama naye mahakamani. Anaweza kabisa kuunganisha njia zote mbili, wakili akaandaa wosia kisha nakala halisi ikahifadhiwa RITA.

Msomaji, Ngamiani

Assalaam alaykum, na salamu za heri kwa mama yetu. Nachangia kwa faida ya Waislamu watakaosoma mjadala huu, maana Tanga hii sisi ni wengi na wakili aliyemfaa mama anaweza asitufae.

Mwislamu anayetaka mali yake ifuate dini yake hana uhuru wa kugawa yote kwa wasia. Wasia hauvuki thuluthi moja ya mali baada ya madeni na gharama za mazishi, na hauwi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake, isipokuwa warithi wenzake wameridhia. Thuluthi mbili zinazobaki zinakwenda kwa mafungu yaliyopangwa. Kwa hiyo wakili wetu lazima awe anaijua mirathi ya Kiislamu, au awe tayari kukaa na sheikh mwenye elimu ya faraidh, yaani ya mafungu hayo ya urithi, kabla ya kuandika. Nimewahi kuona wasia ulioandikwa kwa ustadi mkubwa wa kisheria ukimwachia binti nyumba yote, na ndugu zake wakaupinga siku ya pili baada ya kusomwa. Yule mzee alikuwa na njia nyingine, kama kumpa bintiye zawadi na kumkabidhi akiwa hai, lakini hakuna aliyemweleza.

La pili linatuhusu sisi wa mwambao. Wengi wetu tuna mashamba ya karafuu au nyumba Pemba na Unguja. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, Mahakama zake za Kadhi, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mawakili wake wana orodha yao. Leseni ya wakili wa Bara haimruhusu kusimama katika mahakama za Zanzibar. Mwenye mali pande zote mbili aulize mapema kama wakili wake ana mwenzake wa kushirikiana naye kule, na wasia uandikwe kwa namna itakayoeleweka pande zote mbili.

Muuguzi mstaafu, Tanga (mwenye swali)

Nimesoma yote, na baadhi nimeyasoma tena. Nimeulizia kanisani na kwa waliokuwa wafanyakazi wenzangu hospitalini, nikatajiwa mawakili wawili wa hapa mjini wanaofanya mirathi, na wote wawili nimewakuta katika e-Wakili wakiwa na leseni hai. Nitaonana na kila mmoja kabla ya kuamua. Limebaki swali moja linalonisumbua: wakili ni binadamu. Akifariki yeye kabla yangu, au akihamisha ofisi, wosia wangu nitaupata wapi? Na je, ni vyema watoto waujue?

Mtumishi mstaafu wa masjala ya mahakama, Morogoro

Dada, hilo ni swali ambalo ulipaswa kumwuliza wakili pia, na jibu lake litakusaidia kuchagua kati ya hao wawili. Mwombe akuonyeshe anavyotunza wosia za wateja: je, zipo kwenye kasha lisiloungua, zina rejista, na ni nani katika ofisi yake anayejua zilipo? Anayefanya kazi peke yake bila mwenzake wala karani wa kudumu akupe jibu la kueleweka juu ya nani atashika majalada yake asipokuwepo.

Hata jibu likiwa zuri, usiiache nakala halisi mahali pamoja na matumaini peke yake. Waweza kuihifadhi RITA au benki, ukapewa stakabadhi ya hifadhi. Nakala ya kivuli ibaki kwa wakili katika bahasha iliyofungwa. Stakabadhi yenyewe mpe yule uliyemteua kuwa msimamizi, kwa maana wosia usiojulikana ulipo hauna tofauti na usioandikwa. Nimeona mirathi ikiendeshwa mpaka mwisho kama ya mtu asiyeacha wosia, kisha wosia ukaonekana ndani ya Biblia ya marehemu wakati nyumba imekwisha kuuzwa.

Kuhusu watoto, yaliyomo si lazima wayajue. Ila wajue kwamba wosia upo, umehifadhiwa wapi, na msimamizi ni nani. Msimamizi mwenyewe mwulize kabla ya kumwandika kama yupo tayari, na utaje wa pili wa kushika nafasi yake iwapo wa kwanza atakataa au atatangulia kufa. Unapokwenda kuonana na mawakili hao, chukua cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mzee, muhtasari wa kikao cha ukoo, hati ya nyumba, karatasi ya mauziano ya shamba na vitambulisho. Acha nakala tu, nyaraka halisi urudi nazo nyumbani, na kama wakili atahitaji kubaki na yoyote, akuandikie kwa saini yake kwamba ameipokea.

Muuguzi mstaafu, Tanga (mwenye swali)

Asanteni sana. Cheti cha kifo kilichopo ni nakala ya kivuli tu, hivyo kesho asubuhi nitaanzia ofisi ya RITA kuomba cheti chenyewe, ndipo niende kwa wakili wa kwanza.